Bi mkubwa anakaa peke yake Muheza, mnatumia nini kumpunguzia upweke? Kamera, tableti au tumuache na redio yake?

Mwana_Muheza:

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo hasa kwa wale wenye wazazi kijijini. Mama yangu ana miaka 74, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anakaa Muheza. Mzee alishatangulia na mjukuu aliyekuwa anakaa naye mwaka huu kaenda bweni, kwa hiyo nyumba imebaki yeye na dada wa kazi ambaye jioni anarudi kwao. Watoto tumesambaa, mimi Dar, kaka yuko Mwanza, dada Muscat. Hela ya matumizi inaenda, dawa za presha zipo, umeme upo, mtandao wa 4G unashika vizuri tu ukikaa barazani.

Shida ni upweke na mwenyewe hasemi. Ukimuuliza jibu ni lile lile "mimi sina neno mwanangu, nyie tu". Lakini kaanza kubipu saa tano usiku, ukimpigia anakwambia nilikuwa naangalia kama simu inafanya kazi. Sasa jamani simu gani hiyo inajaribiwa kila usiku?? Na dada wa kazi ananiambia TV inawashwa asubuhi mpaka LUKU inaanza kulia, wala haangalii, anageuzia kiti mlangoni, anataka tu pawe na watu wanaongea ndani.

Kwenye grupu la familia tumegawanyika. Kaka anataka tufunge kamera zile za wifi zenye spika, sebuleni na barazani, kila mtu amuone kwenye simu yake na aongee naye muda wowote. Dada anataka kumnunulia tableti kubwa. Mimi sipingi ila sioni kama ndio dawa, mama ana kitochi na anakipenda, simu janja anasema inamchanganya. Kumleta Dar tulishajaribu, wiki haiishi anaanza kuulizia kuku wake.

Nyie mmefanyaje kwa wazee wenu?

fundi_Mbagala:

Mkuu pole. Mimi ni fundi simu na hili swali naletewa sana, mtu anakuja na hela ananiambia nipe simu ya mama, nikimuuliza mama anapenda kufanya nini anakodoa macho.

Kwanza kitochi usimnyang'anye. Chaji inakaa siku kadhaa, kina tochi, kikianguka unaokota unaunganisha betri maisha yanaendelea. Kwenye kitochi muwekee namba za haraka, yaani akishikilia 2 muda mrefu inakupigia wewe, 3 kaka, 4 dada, mpaka 9 unaweza kujaza. Andika kwa maka peni kwenye karatasi bandika ukutani pale anapochajia. Hapo hatafuti jina tena, macho yakiwa mazito hata giza likiingia anapiga kwa kupapasa.

Ukitaka kumpa simu janja mpe kama ya pili, ya kukaa nyumbani. Futa kila kitu kwenye kioo cha mbele, bakisha picha za watu wanne watano tu, akigusa picha inafungua WhatsApp ya huyo mtu. Maandishi yaweke makubwa kabisa. Na kwa kuwa ni mwalimu muoneshe kile kimaiki kwenye kibodi ya Google, toka 2017 kinapokea Kiswahili, anaongea chenyewe kinaandika, wazee waliosoma wanapenda hicho kitu halafu wanaanza kusahihisha makosa ya kibodi 😂

Bando mnunulieni nyie huku huku kwa namba yake, asije akaambiwa aingie menyu nyota reli, hapo utamkosa. Na la muhimu, hela nyingi zisikae kwenye laini hiyo. Wale jamaa wa "ile hela tuma kwenye namba hii" mtu mpweke ndio wanamtafuta, maana yeye akipata meseji tu anafurahi kuna mtu kamkumbuka, akipigiwa anaongea na tapeli nusu saa.

mzee_kijana:

Acheni kutafuta njia za mkato. Mzazi anataka mtu, sio mtambo. Mmoja wenu arudi nyumbani, basi. Wazee wetu wa zamani nani alimfungia kamera?

Mwana_Muheza:

@mzee_kijana nimekusikia mkuu ila ada ya shule ya huyo huyo mjukuu nani atalipa nikirudi Muheza kukaa barazani. Kila mwisho wa mwezi nikipata nafasi naenda. Naongelea zile siku za katikati.

BintiKizingo:

Asalam aleikum. Mie ni wa Mombasa ila niko Dubai kikazi, mamangu amebaki nyumbani. Huku Imarati simu za WhatsApp haziendi, yaani kupiga, ya sauti wala ya vidio, imefungwa. Watu hutumia Botim, na hiyo mpaka na yeye kule awe nayo, na mamangu alikuwa haitaki katu, akasema apu moja yamtosha. Ikabidi tuzowee voisi, maana hizo zapita vizuri.

Basi wacha niwaambie, voisi zikawa bora kuliko simu. Simu ukimpigia mzee ni haraka haraka, umeamkaje, umekula, dawa umemeza, haya mama bai nna kazi. Dakika mbili. Voisi nikiwa natembea kutoka kazini namsimulia siku yangu yote, bosi alivyonuna, bei ya samaki huku, na yeye aisikiza baada ya kuswali, akiipenda airudia, akija jirani amfungulia na jirani nao wacheka wote. Kisha hukaa akafikiri atanijibu nini. Anijibu voisi ya dakika kumi! Siku moja alibonyeza ile ya mbili x bila kujua, sauti yangu ikawa kama katuni, akampigia dadangu mbio kwamba nimeshikwa na maradhi 😂😂

Lakini kilichombadilisha zaidi si mimi. Ni grupu alofungua na dada zake na mashoga zake wa ujanani, mmoja Lamu, mwengine Malindi, wawili wako papo hapo Mombasa lakini magoti hayawaachi kutembeleana. Sisi watoto hatumo na hatutakiwi. Huko ni vitendawili, ni dua, ni nani kafa nani kaolewa, ni kusengenya wakwe, sijui. Nikimpigia siku hizi aniambia subiri kwanza kuna maneno huku.

Ndugu yangu kwa hivyo ukifikiria kumuunganisha mamako, usimuunganishe na nyinyi watoto peke yenu. Nyinyi mwamuuliza dawa. Wenzake wamuuliza habari.

Mchaga_Mpole:

Hiyo ya kamera nina ushuhuda. Mzee wetu yuko Rombo, tulifunga sebuleni kwa nia nzuri kabisa, kesho yake tukifungua simu tunaona giza, tukajua umeme umekata. Kumbe kaivalisha kofia. Tukamuuliza akasema mimi nikae na jicho la watu nikila, nikilala kwenye kochi, nikijikuna? Ana haki yake kwa kweli. Na kuna siku mdogo wetu aliongea kupitia kile kispika bila taarifa, "shikamoo baba", mzee peke yake sebuleni, nusura presha impande.

Ila mwenyewe ndio akatoa suluhisho, akasema hiyo kamera yenu hamishieni kwenye banda la ng'ombe. Tukadhani anatania. Tukahamisha. Sasa hivi wote tunaona ng'ombe, na mzee ana simu janja naye anaona usiku bila kutoka nje kwenye baridi. Na hapo ndio maongezi yakaanza, ananipigia saa kumi na mbili asubuhi niko kwenye daladala, "umemuona yule wa madoadoa jana usiku? hakulala, mnaonaje nimuite daktari wa mifugo". Kabla ya hapo tulikuwa hatuna cha kuongea zaidi ya afya yake. Sasa anatupangia zamu ya kuangalia ng'ombe anayekaribia kuzaa, mimi nipo Dodoma naamka saa nane usiku kuchungulia ng'ombe wa Rombo, mke wangu anadhani nimechanganyikiwa.

Mama yako si ana kuku? Fikiria hilo.

Mwana_Muheza:

@Mchaga_Mpole nimecheka mpaka watu wamegeuka ofisini 😂 Hiyo ya kuku namtumia kaka sasa hivi.

Leicester255:

Mimi nalea wazee huku Uingereza, niko nyumba ya wazee, niwape picha ya upande wa pili maana wengi tunadhani wazungu wameshamaliza hili jambo kwa mitambo. Hawajamaliza. Serikali ya huku 2018 iliteua mpaka waziri wa kushughulikia upweke, Japani nao wakateua wa kwao 2021, ujue hali imefika wapi.

Mitambo ipo ya kila aina. Wajapani wana mdoli anaitwa Paro, umbo la mtoto wa sili mwenye manyoya meupe, ukimpapasa anapepesa macho na kulia kama kitoto, anauzwa toka 2005 na bei yake inakimbilia dola 6,000. Kwa mgonjwa wa kusahau anayehangaika jioni anatuliza kweli. Kuna na paka wa betri wa bei rahisi, anakoroma na kugeuka tumbo juu, huku wanapewa sana wazee. Jimbo la New York 2022 lilianza kugawia wazee wanaoishi peke yao kidude cha mezani kinaitwa ElliQ, zaidi ya 800, hicho hakisubiri uulize, chenyewe kinaanzisha stori, umelalaje, tufanye mazoezi kidogo.

Sasa vyote hivyo Kiswahili hakuna. Alexa, kile kispika cha Amazon unachoongea nacho, haijui Kiswahili. Niliwahi kumhudumia bibi mmoja wa asili ya Pwani, maradhi ya kusahau yamekula Kiingereza chote alichotumia miaka na miaka, kimebaki Kiswahili cha utotoni. Alikuwa anaigombeza Alexa, "we mwana mbona huitiki", yenyewe inajibu samahani sijaelewa. Kilichomtuliza ni taarab za zamani, namfungulia YouTube kwenye tableti, anaimba mistari yote wakati jina la mwanawe halikumbuki.

Kuna kitu kingine kwenye vile vispika vyenye kioo, mtoto anaweza kutokea kwenye kioo bila mzazi kupokea simu. Kuna wazee wanaipenda maana vidole havina nguvu ya kubonyeza, na kuna wanaoichukia, wanasema ni sawa na mtu anayeingia ndani bila hodi. Hapo mimi sina jibu moja, muulize mwenyewe KABLA ya kununua, kwa sababu kifaa alichochagua mwenyewe anakifuta vumbi, kile mlichomletea anakifunika kitambaa.

Na nilichokiona kazini, mzee anayepigiwa kila siku saa kumi jioni kwa dakika tano anakaa vizuri kuliko anayepigiwa saa nzima siku mtoto akikumbuka. Ile saa kumi anaivalia, anachana nywele, anaomba apelekwe dirishani. Kama mnaweza watoto watatu gawaneni siku ila saa iwe ile ile.

Nesi_Mstaafu:

Wanangu nimewasoma wote, mnaongea vizuri ila hakuna aliyeuliza MASIKIO.

Mwanangu wa Muheza, mama yako unasema TV inawaka kutwa na haangalii. Sauti ya hiyo TV iko juu kiasi gani? Dada wa kazi akimuita kutoka jikoni anaitika mara ya ngapi? Nimefanya kazi wodini na zahanati miaka mingi, mzee asiyesikia vizuri hasemi sisikii, anaanza kukwepa watu. Kanisani anakaa nyuma, kwenye kikoba anaacha kwenda, simu anaijibu "ndiyo, ndiyo, haya" hata ukimuuliza swali lisilo na ndiyo. Watoto mnasema mama kawa mpole. Sio mpole, hasikii. Na kutosikia ni moja ya mambo ambayo wataalamu wa jarida la Lancet wameyaweka kwenye orodha ya vinavyoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau, na ni jambo linaloweza kushughulikiwa.

Mara nyingine ni nta tu imejaa, inasafishwa hospitali siku hiyo hiyo anatoka anasikia ndege. MSIMCHOKONOE na pamba wala njiti. Mara nyingine anahitaji kifaa cha kusikia. Macho hivyo hivyo, mtoto wa jicho anaondolewa kwa upasuaji mdogo. Ukimnunulia tableti mtu mwenye mtoto wa jicho umemnunulia sinia.

Halafu upweke msiuchukulie kama deko la uzee. Shirika la Afya Duniani Juni 2025 lilitoa ripoti kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anaguswa na upweke, na vifo vinavyohusishwa nao ni kama 871,000 kwa mwaka. Sio wazee tu, hata vijana wamo, nyie na simu zenu.

La mwisho nawapa ya Zimbabwe. Daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alikuwa na wagonjwa wengi na wahudumu hawatoshi, mwaka 2006 pale Mbare mjini Harare akaanza na bibi 14, akawafundisha kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kusikiliza watu wenye msongo. Ikafanya kazi, utafiti ukafanyika ukathibitisha, na benchi zikaenea hadi nje ya Zimbabwe. Nalisema hili kwa sababu wote humu mnapanga mama apewe nini. Huyo ni mwalimu! Yeye atatoa nini? Wajukuu wote wa ukoo huo wanajua kuandika barua? Wanajua hesabu za kichwa? Mtumieni kazi.

fundi_Mbagala:

@Nesi_Mstaafu shikamoo mama. Hiyo ya sinia nimeiandika ukutani dukani.

Naongezea, kwa mtu mwenye usikivu mdogo simu ya sauti ni ngumu kuliko vidio koli, kwenye vidio anaona midomo. Na wewe unayepiga kaa mahali penye mwanga usoni KWAKO, watu wengi wanapiga wamekaa dirisha likiwa nyuma yao, mama anaona kivuli kinaongea.

Mwana_Muheza:

Wakuu nimerudi na majibu, samahani nilikuwa safarini, nilienda Muheza wikiendi.

Masikio kapimwa hospitali ya wilaya. Sikio la kulia lilikuwa limeziba kabisa, limesafishwa, la kushoto amepewa rufaa akapimwe zaidi. Njiani kurudi akaniambia punguza sauti ya redio ya gari. Redio ilikuwa chini jamani.

Kamera nimemuuliza mwenyewe kama mlivyoshauri. Sebuleni kakataa. Bandani kwa kuku kakubali haraka sana, kuna kicheche anamtuhumu muda mrefu na anataka ushahidi. Kaka kashaanza kutafuta ya kuonesha usiku.

Tableti dada kaambiwa asubiri kwanza. Nikamuuliza mama, sasa wewe mwenyewe unataka nini? Akakaa kimya halafu akaniuliza kama kwenye simu yangu naweza kumtafuta mwalimu mwenzake waliyesoma naye chuo cha ualimu Korogwe, wakapangiwa shule moja kuanza kazi. Namba alikuwa nayo kwenye simu ya zamani ikapotea na simu. Nikauliza uliza, tumempata, yuko Handeni, naye kitochi. Wameongea mpaka salio langu likaisha. Baadaye wakatajana wengine, yule yuko wapi, yule bado yupo, tumeshapata namba za watatu, wote wa rika lake, na hakuna hata mmoja mwenye simu janja. Grupu la WhatsApp kama la mama yake BintiKizingo ndio hapo linakwama. Mnanishauri niwanunulie wote simu? Maana sina hela hiyo 😅

BintiKizingo:

Mashallah! Wasinunuliwe kitu, wataingia mmoja mmoja wakiona mwenzao anayo. Lakini mpaka hapo sijui, fundi?

fundi_Mbagala:

Huhitaji simu janja mkuu. Simu ya kawaida inaunganisha watu, ni huduma ya siku nyingi sema watu hawaitumii. Unapiga wa kwanza, akipokea unamwambia asubiri, unapiga wa pili, kisha kwenye menyu unachagua kuunganisha, wote wanasikiana. Unaendelea hivyo mpaka watu watano ukiacha wewe mwenyewe, kama laini yako inaruhusu, waulize huduma kwa wateja wakufungulie kama haijafunguka. Wao kule hawabonyezi kitu zaidi ya kupokea, kitochi kinatosha. Jaribu kwanza na rafiki zako wawili usije ukaharibu mbele ya walimu.

Unayepiga ndio unalipa simu zote, kwa hiyo nunua bando la dakika za mitandao yote, na ujue dakika moja ya maongezi na watu wanne inakula dakika nne. Wapangie siku na saa kama alivyosema wa Leicester, mfano Jumapili baada ya ibada.

Ila jambo moja, wewe ndio umeshikilia hiyo simu, ukikata wewe wote wanakatika. Wasalimie, kisha zima maiki upande wako, weka simu mezani kwenye chaja, nenda kafue. Usikate mpaka usikie wameagana, na walimu wakiagana nayo ni nusu saa nyingine.